Je, filamu za majaribio za kompyuta zinaweza kumlisha mtu akiwa Lamu?

Mwana wa Langoni (Lamu) ameuliza:

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Mimi ni kijana wa Langoni, na kwa miaka minne sasa riziki yangu imetokana na kupiga video za harusi upande wa wanaume, pamoja na kutengeneza video fupi za kutangaza nyumba za wageni za Shela. Kazi hiyo siidharau, kwa kuwa ndiyo iliyoninunulia kamera na kompyuta. Lakini mwaka jana niliitazama Arabesque, filamu ya takriban dakika saba iliyotengenezwa mwaka 1975 na Mmarekani John Whitney, na tangu siku hiyo sijatulia. Ndani yake hamna mtu, hamna nyumba, wala hamna neno linalotamkwa. Kuna nukta na mistari ya mwanga inayotawanyika hata ukadhani imepotea, kisha inakutana tena na kuwa nakshi ambayo mtu aliyekulia katika nyumba yenye zidaka, vile vishubaka vya nakshi ukutani, anaitambua papo hapo. Niliisimamisha mara kadhaa, nikawa naangalia skrini na kuangalia ukuta wa ndani kwetu.

Nikajifunza kuandika programu kidogo kwa kutumia Processing, ambayo haina malipo, na baada ya miezi mitatu nikapata sekunde arubaini za nukta zinazozunguka. Kwa ujasiri ambao hata sijui niliutoa wapi, nikazitia mwanzoni mwa tangazo la mteja mmoja. Akaniagiza nizitoe, niweke jahazi na machweo ya jua. Nilipowaonyesha wenzangu barazani, mmoja akaniuliza, "Hadithi yake iko wapi?" nami nikakosa la kujibu.

Whitney alizaliwa mwaka 1917, akafariki mwaka 1995, na kazi hii aliifanya kwa muda wa nusu karne. Naomba mwenye kujua anieleze alikuwa akila nini muda wote huo. Naomba pia kujua kama mtu wa filamu za majaribio analazimika kuikimbilia kila teknolojia inayozuka, maana kila wiki naambiwa ninunue droni, au miwani ya uhalisia pepe, au nilipie programu ya akili bandia inayochora yenyewe. Na lipo jambo jingine, ambalo ndilo linalonikosesha usingizi zaidi: nakshi za milango ni za mafundi, si zangu. Nina haki gani ya kuzichezesha kwenye skrini?

---

Mwalimu Mstaafu (Malindi) amejibu:

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nimefundisha hisabati maisha yangu yote ya kazi, na filamu za Whitney nilizijua kwa mlango wa hisabati, si wa sinema, kwa hiyo wenye sinema wanisamehe nikikosea istilahi zao.

Nianze na mashine, kwa sababu ndizo zinazowachanganya wanaosoma habari zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 yeye na mdogo wake, James, walitaka kutengeneza filamu ambazo picha na sauti yake zimezaliwa pamoja. Hapakuwa na chombo cha kufanya hivyo, wakakiunda. Walitundika pendulumu, yaani vizito vinavyobembea kama timazi ya mwashi, wakaziunganisha na tundu jembamba la mwanga lililoandika moja kwa moja kwenye ule ukingo wa filamu unaobeba sauti. Kwa maneno mengine, waliandika muziki kwa mwanga, bila ala na bila maikrofoni. Filamu zao tano za mazoezi za mwaka 1943 na 1944 zilifanywa kwa njia hiyo.

Vita vilipokwisha, jeshi la Marekani likawa linauza vifaa vyake vilivyopitwa na wakati, na Whitney akajipatia mtambo wa M-5, uliobuniwa kuelekeza mizinga ya kutungulia ndege. Fikiria, mwanangu: ndani ya mtambo ule mlikuwa na magurudumu na vyuma vya kuzunguka vilivyofanya hesabu ya mahali ndege itakapokuwa baada ya sekunde kadhaa, na yeye akaugeuza ili hesabu ile ile izungushe kamera na michoro. Kwa mitambo ya namna hii alitengeneza Catalog ya mwaka 1961, na mdogo wake akatengeneza Lapis ya mwaka 1966, ambayo kwa jicho langu ni nzuri kuliko kazi zote za kaka mtu. Kompyuta halisi ya tarakimu John aliipata baadaye, mwaka 1966, pale kampuni ya IBM ilipomkaribisha. Mtaalamu mmoja wa kampuni hiyo, Jack Citron, akamwandikia programu. Skrini ya wakati ule ilitoa picha za rangi moja tu, zikapigwa fremu moja baada ya nyingine, na rangi zikaongezwa baadaye kwa vichujio. Filamu ya dakika saba ina fremu 10,080, kwa hiyo unaweza kukadiria subira iliyohitajika.

Sasa tazama kitu ambacho hakikubadilika. Kuanzia timazi, kupitia mtambo wa mizinga, hadi kompyuta ndogo aliyoitumia nyumbani uzeeni kutengeneza mfululizo wa Moon Drum, alikuwa na swali moja: je, mwendo wa maumbo unaweza kupatana na kutopatana kama sauti zinavyopatana na kutopatana? Jibu lake ni rahisi kiasi kwamba niliwahi kulifundisha darasani kwa karatasi na bikari. Chukua nukta nyingi zilizo kwenye mstari mmoja kutoka katikati hadi ukingoni. Nukta ya kwanza ikizunguka mara moja, ya pili izunguke mara mbili, ya tatu mara tatu, na kuendelea. Muda mwingi utaona fujo. Lakini nukta ya kwanza ikifika nusu ya mzunguko wake, nukta zote zitajipanga kwenye mistari miwili inayoelekeana. Ikifika theluthi, zitakuwa na mikono mitatu. Ikifika robo, minne. Sasa mwulize mpigaji udi yeyote. Waya ukiubana katikati unatoa sauti ile ile kwa daraja ya juu, na ukiubana kwenye theluthi unatoa sauti nyingine inayopatana nayo, lakini ukiubana ovyo hutapata cha maana. Ni nambari zile zile, zimehama kutoka sikioni kwenda machoni.

Kijana mwenzako alipouliza hadithi iko wapi, ungemjibu kwamba hadithi ni kule kupotea kwa mpangilio na kurudi kwake. Msikilizaji wa taarabu haulizi kipande cha ala kitupu kina hadithi gani. Anangoja kirudi pale kilipoanzia, na kikichelewa kidogo ndipo anapotikisa kichwa.

Kuhusu droni na miwani, sina uzoefu navyo. Ninachoona katika maisha ya Whitney ni kwamba alibadilisha chombo pale tu chombo cha zamani kilipokataa kulijibu swali lake. Kama huna swali ambalo kompyuta uliyo nayo imeshindwa kulijibu, fedha ya droni iweke.

---

Binti Mkomani (sasa Mombasa) amejibu:

Shikamoo mwalimu. Maelezo ya nukta nimeyafurahia, na jioni hii nimezichora pamoja na mwanangu. Hata hivyo kaka yetu aliuliza mtu yule alikula nini, na nahisi swali hilo limepitwa juu kwa juu. Mimi ni mhariri wa video na nimeishi kwa kazi hii kwa zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo niruhusu nilivue kilemba.

Whitney alikula kutoka sahani nyingi, na kila moja ilikuwa na mwenyewe. Wakati wa vita alifanya kazi katika kiwanda cha ndege cha Lockheed, ambako alijifunza mengi kuhusu upigaji picha wa kasi. Baada ya vita alipata ufadhili wa Guggenheim, mfuko wa Marekani unaosaidia wasanii na wataalamu. Mwaka 1958 alishirikiana na msanifu wa michoro Saul Bass katika ile mizunguko inayoonekana mwanzoni mwa filamu ya Vertigo ya Alfred Hitchcock, na mwaka 1960 akafungua kampuni yake, Motion Graphics, iliyotengeneza vichwa vya vipindi vya televisheni na matangazo ya biashara. Hiyo Catalog anayoitaja mwalimu ni mkusanyiko wa vipande vya athari ambazo mtambo wake uliweza kuzitoa. Ukiitazama kwa jicho la mfanyabiashara, ni sawa na kile kitabu cha sampuli za vitambaa anachokuonyesha fundi cherehani kabla hujatoa fedha. Kisha ikaja IBM, na kuanzia mwaka 1972 akafundisha katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Hizo filamu tunazozisifu zilikuwa zikitengenezwa kwenye mapengo yaliyobaki baina ya kazi hizo.

Nami sikubali kwamba kijana wa Lamu aambiwe afuate nyayo hizo kana kwamba njia ni ile ile. Whitney aliishi California, palipokuwa na viwanda vya ndege, studio za filamu na maghala ya vifaa vya jeshi, na kampuni kubwa zilizoona fahari kumweka msanii karibu na kompyuta zao. Sisi hatuna hayo. Stan VanDerBeek, aliyefanya filamu za kompyuta katika Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu, pamoja na mtaalamu wa kompyuta Ken Knowlton miaka hiyo hiyo ya 1960, naye miaka yake ya mwisho hadi kifo chake mwaka 1984 aliishi kwa mshahara wa ualimu wa chuo kikuu. Ukiondoa chuo kikuu katika maisha ya watu hawa, sijui kama leo tungekuwa tunawazungumzia.

Tulicho nacho sisi ni harusi. Usicheke, kaka. Riziki yangu kubwa inatokana na kupiga picha za siku ya kupamba, ambako mwanamume haingii na video haitoki nje ya familia. Nimefanya kazi nzuri sana ambazo hakuna mtu jukwaani humu atakayeziona milele, na nimekubali hivyo. Lakini katika kazi hizo hizo nimejifunza kufanya majaribio ambayo mteja analipia bila kujua kuwa ni majaribio: jina la bibi harusi linavyojitokeza kwenye skrini, mpito kutoka chumba kimoja hadi kingine, nakshi ya hina inayojichora yenyewe. Mteja wako wa Shela alizikataa sekunde arubaini kwa sababu zilikuwa arubaini. Ungempa nne, chini ya jina la nyumba yake, angekushukuru.

Jambo jingine ambalo nililijua kwa kuchelewa na likaniumiza: unapomuuzia mteja video, usimuuzie programu iliyoitengeneza. Niliwahi kumkabidhi mteja mmoja kila faili niliyokuwa nayo kwa sababu alisema "nipe vyote", na mwaka uliofuata nikaziona picha zangu zikitumika kwenye matangazo matatu mengine. Andika kwenye makubaliano kwamba unamkabidhi video iliyokamilika, na kwamba programu inabaki kwako. Nakala zake weka mahali pawili tofauti, moja isikae pwani kabisa, maana chumvi ya bahari yetu haina huruma na vyuma.

Kuhusu kuonyesha: VanDerBeek alijenga kuba huko Stony Point, New York, akaliita Movie-Drome, ambamo watazamaji walilala chali sakafuni huku projekta nyingi zikimimina picha juu yao. Kila nikisoma habari hiyo nakumbuka kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba ya bibi yangu mtaa wa Mkomani, Lamu, chenye kuta nyeupe za chokaa pande zote na anga juu. Mikeka tunayo. Filamu ya namna hii ikitazamwa kwenye simu huku watu wakipitapita barazani, lazima mtu aulize hadithi.

---

Fundi wa Nakshi (Lamu) amejibu:

Nitasema machache, kwa kuwa mimi si mtu wa kompyuta. Nimejifunza kuchonga kwa ami yangu, naye alijifunza kwa mtu aliyetoka Siyu.

Umeuliza una haki gani. Mimi nilipoanza nilinakili milango ya watu waliokufa zamani, na ami yangu alinakili kabla yangu, na hakuna aliyetuita wezi. Tulichokatazwa ni kunakili vibaya. Kwa hiyo fundi akikuona una bidii, atakufundisha. Lakini mlango ni wa nyumba, na nyumba ina wenyewe; bisha hodi, uombe, ueleze unachotaka kufanya, ndipo utoe kamera. Wapo watakaokataa, na waache.

La pili. Nimeitazama hiyo filamu kwa simu ya mwanangu. Imenivutia, ila jamaa yule hakujua patasi. Nakshi yetu ina kina. Uzuri wa mlango uko kwenye kivuli kinachokaa ndani ya mkato, na kivuli hicho kinabadilika kutwa. Mlango unaoelekea upande jua linakotua, ukiuangalia saa sita mchana unaonekana kama ubao wa kawaida. Rudi alasiri, jua likiwa linaupiga kwa mshazari, utauona ua limeinuka kutoka kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, kana kwamba limechongwa muda ule. Nukta zako na za Mmarekani zote zimelala bapa. Kama kweli unataka kuleta jambo ambalo yeye hakuleta, anzia hapo.

Na kama unataka kujua nakshi inaanzia wapi, njoo karakana uone. Tunaanza na bikari na tundu moja katikati. Mwalimu wa Malindi hakukosea.

---

Mwana wa Langoni amejibu:

Nimerejea baada ya wiki tatu, na nawashukuru nyote, hasa Fundi, ambaye nimekwenda karakana kwake mara mbili na nimeunguza chai yake mara moja.

Nilipata idhini kwa mama mmoja mwenye nyumba ambayo mlango wake unaelekea magharibi. Nikaweka kamera kwenye stendi yake saa mbili asubuhi, nikaiacha ipige picha moja kila dakika hadi saa kumi na mbili jioni. Muda huo wa saa kumi ni picha 600, ambazo zikichezeshwa kwa fremu 24 kwa sekunde ni sekunde 25 tu. Punda walipita mbele ya kamera mara nyingi kuliko nilivyotarajia, na wapo wanaoonekana kwa fremu moja kama mtu aliyepepesa jicho, nimewaacha. Lakini kivuli, wallahi, kinatembea ndani ya nakshi kama maji yanayojaa na kupwa. Kisha nikaandika programu ambayo nukta zake zinazunguka kwa kanuni ya mwalimu, na weupe au weusi wa kila nukta unafuata kivuli cha mlango katika fremu ile. Kabla ya alasiri karibu hazionekani. Baada ya hapo zinatoka zenyewe.

Miwani na droni nimeviacha. Nilijaribu programu moja ya akili bandia, nikaiomba mlango wa Lamu, ikanipa mlango mzuri ambao mnyororo wake wa nakshi wa ukingoni haufungi: pete mbili zimeungana pasipo kuwezekana. Fundi aliuangalia kitambo, akasema aliyeuchonga alikuwa na haraka.

Kimebaki kitu kimoja. Sauti sijaipata. Nilidhani nitaweka udi, kwa sababu kwenye Arabesque kuna ala ya nyuzi ya Kiajemi iitwayo santuri (nami kwa ujinga nilitafuta kwanza habari za sahani za gramafoni), lakini kila nikiweka udi juu ya picha, inakuwa tena kama tangazo la nyumba ya wageni.

---

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Inakuwa tangazo kwa sababu umeileta sauti mwishoni, kama mgeni aliyekuta watu wamekwisha kula. Kumbuka zile timazi. Zilibembea polepole mno kiasi kwamba sikio lisingesikia lolote, na filamu ilipita mbele ya tundu la mwanga polepole vile vile. Ilipokuja kuchezeshwa kwa mwendo wake wa kawaida, ule ubembeaji ukaharakishwa ukawa sauti. Wewe umeharakisha saa kumi za kivuli kuwa sekunde 25. Basi harakisha na sauti ya mahali pale pale, au chukua nambari zinazozungusha nukta zako uzigeuze kuwa mitetemo, uone zinaimba nini zinapofika kwenye nusu na theluthi. Huenda ikawa mbaya. Udi uuweke baada ya kusikiliza ubaya huo, ikiwa bado utauhitaji.

Na mnyororo usiofunga, tafadhali niletee picha yake. Nataka kuhesabu pete.

---

Binti Mkomani amejibu:

Nimezungumza na mama mdogo, na amekubali tutumie kiwanda chake usiku wowote usio wa Ijumaa baada ya Maulidi, mradi wageni wasivuke watu thelathini na viatu vikae nje. Projekta nitakuja nayo kutoka Mombasa. Waya mrefu wa umeme utautafuta wewe, na Fundi akae mbele.